Viatu Vilivyofungwa Pingu

Kila siku baada ya shule Kiranja aliingia kwa mlango wa nyuma wa duka la baba yake, akatupa mkoba wa madaftari juu ya rundo la mahema, akavaa aproni na kuanza kusugua viatu. Duka lilikuwa la kukodisha vifaa vya matembezi ya milimani: viatu vigumu vyenye soli za meno, mabegi ya mgongoni, makoti ya mvua, fimbo za kutembelea, mahema na mifuko ya kulalia. Watu walivikodi, wakaenda kustarehe navyo milimani, wakavirudisha vimejaa tope. Tope hilo lilikuwa la Kiranja. Alikuwa msichana wa miaka kumi na mitatu, na jina hilo lilimganda tangu alipochaguliwa kuongoza klabu ya matembezi ya shule. Hata mama yake alimwita hivyo. Naye alilipenda kupita kiasi, tuseme ukweli.

Chumba cha nyuma kilikuwa cha mjomba wake, kaka wa mama yake, fundi wa duka. Alikaa kwenye kigoda mbele ya meza fupi iliyojaa nta, nyuzi, makopo ya gundi na msharasi wa kutobolea ngozi. Zamani alikuwa mlevi. Alifukuzwa kazi kiwandani, akawa analala kwenye baraza za watu, mpaka dada yake alipomwombea kwa mumewe apewe kigoda kile. Tangu akikalie hakuonja tena pombe. Lakini Baba hakuwa mtu wa kusahau. Mjomba akichelewa kidogo asubuhi, Baba alimnusa mdomo mbele ya wateja huku akicheka, na Mjomba naye alicheka. Angefanya nini? Kigoda hakikuwa chake.

Pamoja na yote hayo, kulikuwa na jambo moja ambalo hata Baba alimwachia. Soli ya kiatu ikichomoka, Mjomba aliibandika kwa gundi, akakilaza kiatu chini ya jiwe kikauke, ndipo akaishona. Kabla haijashonwa, kamba za viatu vyote viwili alizifunga pamoja kwa fundo moja gumu, mtu asiweze kuvivaa. Fundo hilo waliliita pingu. Kiatu chenye pingu hakitoki dukani hata aje waziri, na anayeifungua ni fundi aliyeifunga, baada ya kushona.

“Gundi ina maneno mengi,” Mjomba alizoea kumwambia Kiranja. “Hapa mezani itakuapia kwamba imeshika. Ukifika nayo kwenye mawe, inakutupa.”

Mjomba alitumia mkono wa kushoto, kwa hiyo fundo lake lililala upande usio wa kawaida. Kiranja alipokuwa mdogo alikaa sana miguuni pake akijaribu kuliiga, akashindwa, wakacheka wote wawili mpaka Mama akaja kuuliza kuna nini.

Sasa tuje kwa Kandambili. Msichana huyu alihamia shuleni muhula ule. Aliishi na bibi yake, mfuaji wa mashuka ya hospitali. Siku ya kwanza ya mazoezi ya klabu alikuja na kandambili za mpira, moja ya bluu na nyingine ya kijani. Kiranja alimtazama kutoka juu mpaka chini, akageuka kwa wenzake.

“Jamani, Kandambili amefika. Msafara uanze.”

Wakavunjika mbavu kwa kucheka. Kesho yake jina lilikuwa limezagaa shule nzima. Wiki iliyofuata walizirusha kandambili zenyewe juu ya paa la choo, na mwenyewe akarudi nyumbani miguu mitupu, juani, lami ikimuunguza. Hakumshtaki mtu. Alikuja siku iliyofuata na ngazi ya kuazima, akapanda, akazichukua, akazipangusa na sketi yake na kuzivaa. Hilo nalo likawaudhi, kwa sababu walitaka alie.

Lililomuudhi Kiranja zaidi ni kwamba Kandambili alijua kutembea. Watoto wenye viatu vya bei wakihema kama wamebebeshwa magunia, yeye alipanda taratibu, hapumziki hovyo, hanywi maji yote mwanzoni, na akifika juu bado ana pumzi ya kuongea. Mwalimu wa klabu, mwanamke mrefu aliyefundisha hesabu, hakuwa kipofu.

“Jumamosi tunapanda mlima wa mawe,” aliwatangazia. “Mbele ataongoza Kandambili. Kiranja utakaa nyuma, uhakikishe hakuna anayeachwa. Nikiona mambo yamekwenda vizuri, yeye ndiye atakayetuongoza kwenye safari kubwa mwisho wa muhula.”

Kiranja alisema, “Sawa, Mwalimu.” Alitabasamu hata. Ndani kijicho kilikuwa kinamla.

Mwalimu alipita dukani mwenyewe kumwomba Baba amwazime mtoto yule viatu, kwa kuwa mlima wa mawe si wa kandambili. Baba alikubali. Ijumaa mchana, akiwa tayari kuondoka na Mjomba kuwapelekea wageni mahema huko kambini, ambako wangelala, alimwita binti yake.

“Yule mtoto atakuja kuchukua viatu. Mpe vile vya kahawia vilivyo rafu ya juu, Mjomba wako amevimaliza jana. Vilivyo mezani usiviguse, vina pingu.”

“Nimesikia, Baba.”

“Namba ni ileile na rangi ni ileile,” Mjomba aliongeza akipanda gari. “Usichanganye, mama.”

Mjomba alimwita “mama” tangu akiwa mchanga. Ndivyo wajomba wanavyofanya kwa mpwa wanayempenda.

Kandambili alifika jioni jua likiwa bado kali. Alisimama nje ya kizingiti. Miguu yake ilikuwa inachuruzika maji.

“Hodi. Nimenawa miguu bombani,” alisema. “Nisije nikavichafua.”

Kiranja aliitazama ile miguu iliyosuguliwa mpaka kisigino kikang’aa. Kitu fulani kilimgusa, nisimsingizie. Kilimgusa, akakisukuma pembeni. Akaingia chumba cha nyuma, akapita rafu ya juu kama haioni, akaondoa jiwe mezani na kuchukua viatu vyenye pingu.

Mpango wake ulikuwa mdogo tu, kwa maoni yake. Soli itaachia njiani, kiatu kitapanua mdomo, Kandambili atabaki anachechemea, watu watacheka, na mbele ya msafara atarudi anayestahili. Hakuufikiria mguu uliokuwa ndani ya kiatu. Alifikiria kicheko.

Fundo la Mjomba lilimshinda kwa vidole, akatoka nalo hadi kaunta.

“Mbona vimefungwa?” Kandambili aliuliza.

“Ili visipotezane.” Kiranja akalibana fundo kwa meno na kuvuta mpaka likaachia. Akampa. “Haya, jaribu.”

Kandambili alivivaa, akatembea kutoka kaunta mpaka mlangoni, akarudi. Alikuwa anaitazama miguu yake kana kwamba ni ya mtu mwingine.

“Sijawahi,” alisema mwishowe. Basi.

Alipokwenda zake, Kiranja aliteremsha viatu vizima kutoka rafu ya juu, akazifunga kamba zake pamoja, akavilaza mezani chini ya jiwe. Mtu akija atakuta kila kitu mahali pake.

Jumamosi ilianza vizuri, na hilo ndilo la kusikitisha. Anga lilikuwa safi, umande bado uko kwenye nyasi, na kila mtu alikuwa na begi lake mgongoni, chupa ya maji ubavuni na koti la mvua limekunjwa juu. Kandambili alikwenda mbele na filimbi ya Mwalimu shingoni. Alichagua njia, akawangoja waliochoka, akawaonyesha jiwe linalocheza na jiwe linaloshika. Hata baadhi ya waliotupa kandambili zake paani walianza kumfuata bila kunung’unika. Kileleni walikula mikate na mayai ya kuchemsha, upepo ukiwapiga usoni, na mji mzima ukiwa umelala chini yao. Kandambili alikaa peke yake, akafuta vumbi kwenye viatu kwa mate na kidole. Soli ilikuwa bado imeshika, na hapo Kiranja alikuwa na nafasi ya kusema. Angesema, “Vua, tubadilishane.” Hakusema.

Wakati wa kushuka, Mwalimu alibaki nyuma kumkanda mguu mtoto mmoja aliyekamatwa na misuli. Wengine walitangulia kwenye njia nyembamba, upande mmoja mwamba, upande wa pili mteremko wa mawe. Ndipo soli ya kiatu cha kulia ikaachia mbele. Kila hatua ikawa inapiga, tap, tap.

Wa kwanza kuliona alikuwa yule aliyekuwa akilingojea.

“Kiatu chake kinacheka,” Kiranja alisema kwa sauti ya kusikika na wote.

Kicheko kikapita msafara mzima. Mmoja akaanza kupiga makofi kufuata ule mdundo, wengine wakaingia: tap, tap, Kandambili, tap, tap, Kandambili. Msichana hakugeuka. Aliinamisha kichwa na kuongeza mwendo, kama mtu anayetaka kuiacha aibu nyuma yake. Soli ikajikunja chini ya mguu. Akaenda upande wa mteremko, mikono hewani, akabingirika mpaka jiwe kubwa lilipomzuia. Waliokuwa karibu waliusikia mfupa. Waliokuwa mbali hawakuona kilichotokea, wakaendelea kupiga makofi kwa muda.

Mguu wake ulikuwa umepinda mahali pasipo na kiungo. Sitasema zaidi ya hapo.

Mwalimu aliposhuka mbio, Kiranja alikuwa tayari amekusanya fimbo mbili ndefu na makoti ya mvua. Alifunga zipu za makoti, akapitisha fimbo ndani ya mikono ya makoti hayo, ikawa machela. Kazi hiyo alifundishwa na Mjomba, na alijua kuifanya barabara. Aliufunga mguu bandeji, akapanga wabebaji wanne wanne, akawa anahesabu hatua kwa sauti ili wasimtikise mgonjwa.

“Leo umeonyesha uongozi,” Mwalimu alimwambia, machozi yakimlengalenga. “Mungu akubariki.”

Kandambili hakulia njia nzima. Aliuma ukosi wa shati lake. Mara moja tu alifungua mdomo.

“Kiatu kingine kiko wapi? Kisipotee. Ni cha watu.”

Baba na Mjomba walirudi jioni wakakuta habari imeshatangulia. Kiatu kililetwa dukani, Baba akakigeuza. Gundi tupu, hakuna hata tundu la uzi. Akamgeukia binti yake.

“Nilikwambia rafu ya juu.”

“Ndivyo nilivyompa,” Kiranja alijibu. “Vilikuwa rafu ya juu, havina pingu. Vyenye pingu viko mezani, sijavigusa.”

Baba akaenda chumba cha nyuma, akarudi na viatu vizima, vilivyoshonwa vizuri, vimefungwa pamoja. Akavitupa kifuani kwa Mjomba.

“Unafunga pingu vilivyokwisha, unaniwekea rafuni vibovu. Umeanza tena, siyo?”

“Sijagusa pombe, shemeji.”

“Pumua.” Baba alimsogelea, akamnusa, na safari hii hakucheka. “Umejifunza kuificha, basi. Umemvunja mtoto wa watu mguu. Nilimwokota mlevi barazani nikamfanya mtu, na hii ndiyo shukrani yangu.”

Mama alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa cha mezani mkononi. “Mume wangu, msikilize kwanza,” alisema.

“Nimemsikiliza miaka yote. Afungashe virago.”

Mjomba alivishika vile viatu. Aliliangalia fundo kwa muda mrefu, akalizungusha kidoleni. Kisha akainua macho kumtazama Kiranja, naye Kiranja akatazama sakafu.

“Labda nimechanganya,” Mjomba alisema polepole. “Labda.”

Akaweka msharasi na nyuzi zake katika kopo, akapita katikati yao na kutoka. Wala hakuchukua kigoda.

Wiki mbili zilizofuata Kiranja alizipata sifa zote alizozitaka. Watoto walimsimulia alivyotengeneza machela. Mwalimu alimpa tena nafasi ya mbele kwenye safari kubwa, na akamsifu mbele ya shule. Nyumbani, hata hivyo, Mama alipofua, alifua kana kwamba nguo zimemkosea. Kila mteja aliyeuliza fundi yuko wapi, Baba alimpa kisa kizima na kukitia chumvi. Alisema amewahi kumkuta na chupa chini ya meza. Hakuwahi, lakini watu waliamini kwa sababu alikuwa shemeji yake.

Akipita karibu na lango la soko, Kiranja alimwona Mjomba. Alikuwa amekaa juu ya boksi, akiwa na kandambili moja mapajani, akisubiri wateja. Mama mmoja alisimama na viatu vya mwanawe mkononi, rafiki yake akamnong’oneza jambo, wakaondoka. Mjomba alishasikia. Aliichukua ile kandambili na kuanza kuishona upya, wakati tayari ilikuwa imeshonwa. Kiranja akavuka barabara ili asionekane, na tangu siku hiyo akawa anavuka kila apitapo.

Siku moja Mwalimu akampeleka hospitali kumwona mgonjwa. Kandambili alikuwa amelazwa kitanda cha dirishani, mguu umening’inizwa kwa kamba na plasta nzito. Bibi yake alikaa pembeni, mikono imechubuka kwa sabuni.

“Shikamoo, Bibi,” Kiranja alisema.

“Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye Kiranja?” Bibi aliushika mkono wake kwa mikono yake miwili, hakuuachia. “Huyu hana hadithi nyingine ila yako. Mwambie mwenyewe, wewe.”

Kandambili aliona haya kidogo. “Nilimweleza Bibi siku ile dukani,” alisema. “Ulivyonifungulia viatu kwa meno. Fundo lilikuwa gumu, ungeweza kuniambia nikajifungulie mwenyewe. Kule shuleni hakuna aliyewahi kunifanyia kitu. Nikikaa hapa usiku mguu unapowaka, nakumbuka hilo.”

“Mungu akulipe,” Bibi alisema.

Hakuna aliyemshuku. Hakuna ambaye angewahi kujua, kwa kuwa pale wodini hakuna aliyejua pingu ni nini. Angeweza kuitikia “amina” na kwenda zake. Kiranja aliuchomoa mkono wake, akasema anajisikia vibaya, akatoka mbio mpaka dukani bila kumngoja Mwalimu.

Baba alikuwa kaunta na mteja. Alikuwa amefika pale kwenye chupa chini ya meza.

“Ni uongo,” Kiranja alisema.

“Tuna mgeni, nenda ndani.”

“Mjomba hakuchanganya. Vya mezani nilivichukua mimi, nikaifungua pingu kwa meno. Vile vizima nikavifunga mimi. Nilitaka Kandambili achekwe.” Pumzi ilikuwa inamkatikia, lakini aliendelea, akihofia kwamba akinyamaza hataanza tena. “Nilijua. Uliniambia, na nilijua.”

Mteja aliweka begi alilokuwa ameshika, akatoka kimyakimya. Baba alikaa kwenye kigoda cha Mjomba, kilichokuwa kimesogezwa mbele ya duka kuwekea vitu. Kiranja alingoja kofi. Halikuja. Baba alikuwa anasugua uso kwa viganja, anausugua tu.

“Nilimnusa,” alisema baadaye, zaidi kwa nafsi yake. “Mtu mzima mwenzangu, nikamnusa mbele ya mke wangu na mwanangu. Mbele ya dada yake.” “Twende.”

Walimkuta Mjomba langoni mwa soko akiwa na kiatu cha mpagazi mmoja. Baba alisimama mbele ya boksi lake, watu wakipita.

“Shemeji, nimekuja kukuomba radhi,” alisema. Akakohoa, akairudia kwa sauti kubwa zaidi, kwa sababu aliowapotosha walikuwa wengi. “Sikumkuta na chupa. Nilisema uongo. Kosa si lake, ni la mwanangu, na ni langu.”

Mjomba hakuinua kichwa. Alimaliza mshono aliokuwa nao, akauvuta, akaukata kwa meno, akampa mpagazi kiatu chake. Ndipo akamtazama Kiranja.

“Nilijua siku ileile,” alisema. “Fundo lile halikuwa langu. Lililala upande wa kulia.”

“Kwa nini hukusema, Mjomba?”

“Nimwambie nani? Mlevi wa zamani amsingizie mtoto wa mwenye duka? Ningeongezewa na uongo juu ya ulevi.” Hakuwa na sauti ya huruma. “Wala usidhani nilinyamaza kwa wema. Nilikuwa na hasira nawe. Kila siku nilikuona unavuka barabara ile. Nilikuwa nakuhesabia.”

“Rudi nyumbani,” Baba alisema. “Kigoda kinakungoja.”

“Sitarudi mpaka mwenye mguu asikie. Aambiwe na aliyefanya, siyo na wewe, siyo na mwalimu.”

Kwa hiyo Kiranja alirudi kwenye wodi ile, akasimama penye kitanda kile, akasema yote mbele ya bibi wa watu. Bibi aliutazama mkono alioushika mchana ule, kisha akaufuta wake kwenye kanga. Macho ya Kandambili yalikuwa makavu.

“Na mimi nilikuwa nakuombea,” alisema.

“Nisamehe.”

“Sijui.” Alijigeuza kidogo, plasta ikamzuia. “Daktari amesema mwaka huu sipandi mlima wowote. Nimetembea na kandambili maisha yangu yote, kwenye mawe, kwenye tope. Sikuwahi kuanguka hata siku moja. Nimeanguka nilipovaa viatu vyako.”

Bibi akasema, “Nenda sasa.” Kiranja akaenda.

Jumatatu alisema tena, safari hii mbele ya shule nzima mstarini. Waliopiga makofi mlimani walitazama vidole vyao vya miguu. Uongozi wa klabu alivuliwa, na safari kubwa ilikwenda bila yeye. Jina la Kiranja halikumtoka, ila sasa wenzake walilitamka kwa kubana pua, na kila walipolitamka lilimchoma. Aliyempa mwenzake jina la kumchoma hakuwa na wa kumlalamikia.

Mjomba alirudi kwenye kigoda chake. Baba hakumnusa tena. Kila alasiri Kiranja alikaa miguuni pa mjomba wake, si kwa kucheza kama zamani, bali kwa kazi: kutoboa kwa msharasi, kupaka uzi nta, kuvuta, kukaza. Vidole vilimtoka malengelenge, malengelenge yakapasuka, akaendelea. Mshono ukiwa umepinda, Mjomba aliukata wote na kumrudishia kiatu aanze upya. Viatu alivyokuwa akifundishiwa vilikuwa jozi moja tu, ile ya kahawia iliyoanguka mlimani.

Muhula mwingine ulipoanza, Kandambili alikuja dukani. Alikuwa ameacha magongo, lakini bado aliukanyagia ule mguu kwa hadhari. Alisimama nje ya kizingiti, na miguuni alikuwa na kandambili zake, ya bluu na ya kijani.

“Mwalimu amesema nianze na matembezi mafupi,” alimwambia Mjomba. “Amenituma viatu.”

Mjomba alimwashiria Kiranja kwa kichwa. Kiranja alileta vile vya kahawia kutoka mezani, kamba zikiwa zimefungwa pamoja. Alimpa Mjomba, kwa kuwa kufungua si kazi yake. Mjomba hakuvipokea.

“Sikilizeni nyote wawili,” alisema. “Watu wanakuja hapa wanadhani tunakodisha viatu. Mtu anapoweka mguu wake ndani ya kiatu tulichompa, ametukabidhi mguu. Haoni tulichoshona, wala hajui kama tulikuwa na kinyongo siku tuliyoshona. Anatuamini tu, kisha anapanda mlima. Ukimcheza mtu wa namna hiyo, hujamfanyia mzaha, umemshambulia akiwa amekupa mgongo. Na ukishakosea, sema siku ileile. Uliponyamaza siku ya kwanza mguu ulikuwa umevunjika mmoja. Uliponyamaza wiki mbili ulitaka kunivunja na mimi.” Akamsukumia Kiranja viatu. “Umevishona wewe. Pingu umeifunga wewe. Ifungue.”

Kiranja alifungua fundo kwa vidole, taratibu, hakutumia meno. Akapiga goti na kuviweka chini mbele ya Kandambili.

Kandambili hakuvivaa. Alikiinua cha kulia, akakisogeza kwenye mwanga wa mlango, akaupitia mshono tundu kwa tundu kwa ukucha. Kisha akaishika soli kwa mikono miwili, akaweka goti la mguu wake mzima dhidi ya kiatu, akaivuta kwa nguvu zake zote, mishipa ikamtoka shingoni. Kiranja alibaki amepiga goti, anangoja.

Soli haikuachia.

Akakichukua cha kushoto, akaanza upya.